Jiwe la Kunolea Likae Jikoni

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya akina mama, na akina baba wachache waliowasindikiza, katika mkutano wa kujifunza kazi za nyumbani. Twayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kuwapo.



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nimeisikia mara nyingi, na aghalabu imetamkwa na mwanamume aliyeketi akingoja nyama iletwe. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza kisu hicho kilinolewa na nani. Leo nataka tuulize swali hilo, kwa kuwa katika nyumba nyingi nilizoingia jibu lake ni fupi: kisu cha jikoni hakikunolewa na mtu ye yote.

Tazameni jinsi tunavyoishi. Mwanamume akitaka kwenda kufyeka, hukaa kwanza nje ya nyumba kwa robo ya saa, panga amelibana kati ya magoti, tupa i mkononi, wala haondoki mpaka ameridhika. Hakuna amwonaye kuwa mvivu kwa kukaa hivyo. Sote twajua kwamba panga butu humchosha mtu kabla ya saa nne. Lakini panga hilo hutumika labda siku mbili tatu katika juma. Kisu cha mkewe hufanya kazi asubuhi, adhuhuri na jioni, siku zote za mwaka, na siku za Krismasi na Idi hufanya kazi zaidi. Chakata mboga, chamenya viazi na mihogo, chapasua maboga, chakata nyama, hata kamba ya mzigo wa kuni. Makali yakiisha, mama hutoka nacho mlangoni, akakipitisha mara mbili tatu juu ya saruji ya kizingiti, kisha hurudi mbio kabla mchuzi haujaungua. Na ile tupa iko wapi, na lile jiwe la kunolea? Vimewekwa pamoja na panga, navyo ni mali ya baba.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Nilipokuwa mtoto nililelewa kwa muda na shangazi yangu, ambaye alikuwa msukaji hodari wa vyondo. Alisokota nyuzi za katani pajani pake huku akizungumza, bila kutazama, na siku ya soko vyondo vyake vilikwisha kabla ya vya wenzake. Fedha za shule yangu za muhula mzima zilitoka katika vyondo hivyo. Jioni moja alikuwa akipasua boga lenye ganda gumu, na kisu kilikuwa butu. Akakikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Boga likateleza, kisu kikaingia katika shina la kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto. Damu ilikoma upesi, nasi tukamshukuru Mungu, tukafunga kidonda kwa kitambaa. Lakini ukano wa kukunjia kidole ulikuwa umekatika. Hatukujua kwamba daktari aweza kuushona ukano uliokatika, tena yampasa kuushona mapema, katika siku za kwanza. Kidonda kilipona, kidole kikabaki kimenyooka kama kijiti. Aliendelea kusuka polepole na kwa maumivu, na baada ya mwaka mmoja akaacha kabisa. Siku ile panga la mumewe lilikuwa likining'inia ukutani, kali kama wembe, na jiwe la kulinolea lilikuwa chini yake, hatua nne tu kutoka pale alipoketi.

Watu wengi hukiogopa kisu kikali na kukiamini kisu butu. Hayo ni makosa. Kisu kikali huingia katika kitunguu au boga kwa nguvu ndogo, nacho huenda pale kinapoelekezwa. Kisu butu hakiingii. Husimama juu ya ganda mpaka mtu atie nguvu, na kinapokubali hatimaye, nguvu zile zote hukimbia nacho kwa ghafula, wala mkono hauwezi kukizuia. Nyanya yawafundisha jambo hilo kila siku. Mkiona kisu chateleza juu ya ngozi ya nyanya badala ya kuikata, jueni kwamba siku moja kitateleza hivyo juu ya boga.

Na kama mtu amekwisha kukatwa, asipakwe majivu, wala udongo, wala kahawa ya unga. Kidonda kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi na kukandamizwa mpaka damu ikome. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, na dawa ya kuwazuia ni chanjo, ambayo yafaa mtu awe ameipata kabla ya kukatwa. Asiyekumbuka lini alichanjwa aende akaulize zahanati. Tena mjeruhiwa aambiwe akunje na kunyoosha kila kidole. Kidole kisichokunjika, au kilichokufa ganzi, chataka hospitali siku ile ile, hata kama kidonda chaonekana kidogo na damu imekwisha kukauka.

Sasa na tuje kwenye kisu chenyewe.

Makali ni mahali ambapo pande mbili za kisu hukutana. Zikikutana katika mstari mwembamba sana, kisu hukata. Mstari huo waweza kuharibika kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitofautisha, maana dawa zake si moja. Njia ya kwanza ni kupinda: makali bado yapo, lakini yamelala upande mmoja, kama ukingo wa jani lililokanyagwa. Kisu cha namna hiyo chataka kunyoshwa tu. Wauza nyama huwa na fimbo ya chuma kwa kazi hiyo, nao hupitisha kisu juu yake kila baada ya kukata kidogo. Wengi wetu hudhani kwamba wananoa, lakini kwa kweli wanayasimamisha makali yaliyolala. Njia ya pili ni kulika: mstari umekuwa mviringo, chuma kimekwisha, na hapo fimbo haitasaidia hata mkiipiga mpaka jua litue. Kisu hicho chataka jiwe.

Nani huyaua makali? Si nyama wala mboga. Makali huuawa na kile kilicho chini ya nyama na mboga. Ukikata kitunguu juu ya sahani ya udongo wa kuchomwa, au juu ya sinia ya bati, au juu ya meza ya saruji, kisu hupita katika kitunguu bila taabu, kisha hugonga kitu kigumu mara mia kwa chakula kimoja. Ubao wa mti ndio dawa, nao si ghali. Hata kipande cha ubao kilichobaki kwa seremala, kikipigwa randa na kuoshwa vema, chatosha. Muuaji wa pili ni mkoba au droo ambamo kisu hutupwa pamoja na vijiko, miko na kopo la chumvi, kikagongana navyo kutwa kucha. Wa tatu ni beseni la maji. Mama huacha kisu katika maji ya kuoshea vyombo mpaka jioni. Kutu ikala makali, maji yakauvimbisha mpini, na mtoto anayetia mkono katika povu asione kilichomo. Limau, embe bichi na nyanya nazo hula chuma cha kawaida, basi kisu kilichokata vitu hivyo kioshwe na kukaushwa papo hapo. Na wale wanaofungua makopo ya maziwa kwa kisu cha jikoni, au kuchimbia mizizi ya dawa, sitasema nao leo.

Visu viuzwavyo madukani ni vya chuma cha namna mbili. Kimoja ni chuma cha pua cha kawaida, ambacho hunoleka upesi na kupata makali mazuri, lakini hushika kutu kisipokaushwa. Wahunzi wetu wa jua kali hutengeneza visu na mapanga ya namna hii kutokana na springi za magari yaliyokufa, na baadhi ya visu hivyo vyapita kwa ubora vile vya dukani vyenye mipini ya kung'aa. Kwa kweli ufundi huo si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahunzi wa Kikuyu walikuwa bado wakiosha mchanga mweusi wa mitoni wapate chuma. Namna ya pili ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ambacho wengi hukiita stenlesi. Chuma hicho kilijulikana katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, wakati Harry Brearley alipokuwa akitafuta chuma kitakachofaa kwa mitutu ya bunduki. Alichanganya chuma na kromiamu nyingi, akaona kwamba hakiliki upesi kwa siki wala kwa limau. Lakini mafundi wa visu wa mji ule walimcheka hapo kwanza, wakisema amevumbua kisu kisichokata, na ilichukua muda kabla hawajajua namna ya kukitia ugumu. Hata leo stenlesi ya bei rahisi ni laini, hunoleka lakini hupoteza makali mapema. Wako watu wanaopima kisu kwa sumaku, wakidhani kwamba stenlesi haivutwi. Kipimo hicho hakifai kwa visu, maana stenlesi iliyo ngumu ya kufaa kwa kisu huvutwa na sumaku kama chuma kingine.

Jiwe la kunolea, au kinoo, ni la namna nyingi. Zamani watu walitumia mawe ya mtoni yenye chembe ndogo zinazolingana, na jiwe kama hilo lafaa mpaka leo ikiwa ni bapa na halina mashimo. Lainisheni kidole kwa maji mlipapase: likikwaruza kwa usawa kama ulimi wa paka, ni jema, likiwa na chembe kubwa hapa na pale, litakula kisu na kuacha mapengo. Yale ya dukani yenye rangi ya kijivu au nyeusi hutengenezwa kwa kaborandamu. Edward Acheson, huko Marekani, aliipata mwaka 1891 alipokuwa akichoma udongo na makaa kwa umeme, naye alikuwa akitumaini kupata almasi. Almasi hakuipata, lakini alipata kitu ambacho ugumu wake haukuwa mbali sana na wa almasi. Nunueni jiwe lenye nyuso mbili, mmoja wa chembe kubwa na mmoja wa chembe ndogo. Jiwe moja, likitunzwa, litaihudumia nyumba miaka mingi.

Lilowesheni jiwe kwa maji kabla ya kuanza, na mlirushie maji kila linapokauka. Maji huyabeba mavumbi ya chuma yasizibe matundu ya jiwe. Msitumie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo hukauka yakawa kama gundi, na jiwe lililozibwa hivyo huteleza tu wala halinoi. Na jiwe likibonyea katikati, kama linavyobonyea katika nyumba nyingi, lisitupwe. Mwageni mchanga laini wenye maji juu ya saruji iliyo bapa, mlisugue jiwe juu yake kwa kuzungusha mpaka uso wake uwe sawa tena. Hiyo ni kazi nzuri ya kijana wa miaka kumi na miwili anayesema kwamba hana la kufanya.

Tandikeni kitambaa kilicholowa juu ya meza au kigoda, jiwe juu yake, lisiteleze. Mkono wa kulia ushike mpini. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikae juu ya ubapa wa kisu, karibu na makali lakini visipite makali. Sasa laja jambo ambalo ndilo kazi yote, nalo ni hanamu: kisu kilale juu ya jiwe kwa kiasi gani? Kikilala kabisa, jiwe hukwaruza ubapa bila kugusa makali. Kikisimama mno, makali huwa manene kama ya patasi. Kisu cha jikoni chataka digrii 15 hadi 20 kila upande. Najua kwamba hakuna mwenye kipimo cha digrii jikoni, basi chukueni karatasi yenye pembe ya mraba, ambayo ni digrii 90. Ikunjeni mara moja, ukingo mmoja ulale juu ya mwingine, na pembe itakuwa digrii 45. Ikunjeni tena, itakuwa 22 na nusu. Simamisheni karatasi hiyo kando ya jiwe, mlaze kisu chini kidogo kuliko mkunjo wake, mmepata. Au pimeni kwa kidole: kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, mgongo wa kisu uinuliwe juu ya jiwe kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo, ambacho ni karibu unene wa kidole cha mwisho. Kisu chembamba kiinuliwe kidogo kuliko hivyo.

Mwenye shaka apake wino mzito kandokando ya makali, apitishe kisu mara mbili juu ya jiwe, kisha atazame. Wino ukiondoka mpaka mwisho wa makali, hanamu ni sawa. Ukiondoka juu tu, karibu na ubapa, kisu kimelala mno. Hila hii ndogo imenifaa kuliko maelezo yote niliyopewa na watu wazima nilipokuwa kijana, ambayo kwa ufupi yalikuwa: tazama mimi nifanyavyo.

Pelekeni kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba mwataka kuchuna ngozi nyembamba juu ya jiwe. Anzeni karibu na mpini na kumaliza kwenye ncha, ili kila sehemu ya makali iguse jiwe kwa mpito mmoja. Mkifika penye mkato wa ncha, inueni mpini kidogo. Msiharakishe. Ninaona vijana wakinoa kwa mbio ili mlio usikike mpaka kwa jirani, na kisu chao hutikisika kama mashua. Makali yake huwa mviringo, na baada ya kelele zote hakikati.

Noeni upande mmoja tu mpaka mwone dalili. Dalili yenyewe ni hii. Chuma kinapokuwa chembamba kabisa, hupinda kuelekea upande wa pili, kikafanya kitu kama unywele mwembamba wa chuma usioonekana kwa macho. Wekeni kidole gumba juu ya ubapa wa upande wa pili, kikivuteni kutoka mgongoni kuelekea nje, kivuke makali. Kamwe msikipitishe kufuata makali. Mtausikia unywele huo ukishika ngozi kidogo. Ukisikika kutoka mpinini hadi nchani, upande huo umekwisha. Usiposikika katikati, hapo katikati hapajafika, hata kama mmenoa mara hamsini. Hii ndiyo sababu wengi hunoa kisu nusu saa na kukirudisha jikoni kilivyokuwa: waliacha kabla ya unywele, kwa kuhesabu mipito badala ya kupapasa chuma. Kisha geuzeni, mkanoe upande wa pili mpaka unywele urudi upande wa kwanza.

Baada ya hapo geuzeni jiwe, mtumie uso wa chembe ndogo, mkono ukiwa mwepesi zaidi, tena mipito michache kila upande. Mwisho, pitisheni mara moja upande huu na mara moja upande huu, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, ili unywele uchoke na kukatika. Ukibaki, kisu kitaonekana kikali ajabu kwa chakula kimoja, kisha unywele utalala na makali yatapotea, na mtu atalilaumu jiwe. Mshipi wa ngozi wa zamani, ukifungwa kwenye mguu wa meza na kuvutwa, humaliza kazi hiyo vizuri. Huko kisu huvutwa kinyume, mgongo ukitangulia, la sivyo mtaukata mshipi wa bwana, nayo itakuwa shauri nyingine.

Osheni kisu kwa sabuni kabla ya kukitumia, kwa sababu mavumbi ya jiwe na chuma si kiungo. Mkipime kwa nyanya mbivu au kwa karatasi, si kwa kidole.

Kisu kikiisha kunolewa hivyo mara moja, kazi kubwa imepita. Kila juma chataka dakika tano tu za uso laini, au mipito kumi ya mshipi. Kuna akina mama wanaoniambia kwamba hawana hata jiwe. Basi pindueni kikombe cha udongo wa kuchomwa. Chini ya kitako chake mna ukingo mkavu usiong'aa, ambao haukupakwa rangi ya kioo. Ukingo huo hunoa. Hautakifufua kisu kilichokufa, lakini utaamsha kilicholala, na wageni wakiwa mlangoni hilo si jambo dogo.

Lazima niseme neno juu ya mnoa visu apitaye mtaani na baiskeli yake, akiisimamisha juu ya mguu wake wa chuma na kukanyaga ili kuzungusha cherehe. Ni mtu mwenye kazi ya halali, nami napenda kumtazama akirusha cheche. Ila jueni kwamba jiwe linalozunguka hutoa joto, na ugumu wa kisu ulitiwa kwa moto na waweza kuondolewa kwa moto. Chuma cha kawaida kikipata joto la digrii 230 hivi hugeuka rangi ya majani makavu. Kikifika karibu na 300 huwa buluu. Penye buluu chuma kimekwisha kulainika, na makali ya hapo hayatadumu mpaka yaliwe na jiwe yote. Kwa hiyo mwambieni fundi atie kisu katika maji mara kwa mara, na msione haya kusimama karibu naye na kutazama. Tena cherehe hula chuma kingi. Kisu kinachopelekwa kwake kila mwezi hupungua upana mpaka kikawa kama msumari. Mpelekeeni kisu chenye mapengo au ncha iliyovunjika. Vingine vinoeni nyumbani. Kisu cha mkate chenye meno kama msumeno hakinoleki juu ya jiwe bapa, basi kiacheni hivyo kilivyo.

Mpini unaolegea ni hatari kama makali yaliyolika, kwa maana kisu hugeuka mkononi. Wengine huutengeneza kwa kuchoma mkia wa kisu katika moto na kuusukuma ndani ya mti. Njia hiyo ni ya zamani na ni nzuri, ila ufungeni ubapa kwa kitambaa kilicholowa maji kabla ya kuutia mkia motoni, ili joto lisipande mpaka kwenye makali. Kwa kukihifadhi kisu, karatasi ngumu ya boksi ikikunjwa na kushonwa hufanya ala ya kutosha. Kitundikeni juu, mkono wa mtoto usipofika. Kikianguka, rukeni nyuma mkiache kianguke. Mkono unaojaribu kukidaka utajuta.

Nilipowaeleza watu mambo haya mahali pengine, mzee mmoja alisimama akasema kwamba kunoa ni kazi ya waume, na kwamba mwanamke akishika jiwe nyumba imepinduka. Nilimjibu kwa heshima kwamba sina ugomvi na desturi hiyo, mradi itimizwe. Ikiwa kunoa ni kazi yake, basi kisu cha mkewe kiwe kikali leo jioni, na Jumatano ijayo, na Jumatano ya baada yake. Mzee alicheka, akaketi. Sijui kama alinoa. Lakini mimi nyumbani kwangu nimeliondoa jiwe kutoka chini ya panga, na sasa lakaa katika dirisha la jikoni karibu na chumvi. Mwenye kulitaka kwa ajili ya panga ndiye aendaye kuliomba huko. Mke wangu hunoa Jumamosi, nami hunoa nikiwa nyumbani. Binti yetu wa miaka kumi na mitatu anatushinda sote wawili, maana ana subira ya kungoja unywele.

Bibi Mwenyekiti, nimesema mengi, na kunoa hakufundishwi kwa masikio. Nimekuja na jiwe langu, na maji yako katika debe lile pale. Katika barua ya mwaliko niliomba kila mmoja aje na kisu chake, kimefungwa katika kitambaa, na naona kwamba wengi mmekumbuka. Mwenye kisu kibaya kuliko vyote na aje wa kwanza, na mabwana wale walioketi nyuma karibu na mlango nao wasogee hapa mbele.